Wasiwasi wa Kukaribia Kustaafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wastaafu watarajiwa huyauliza tena na tena, katika semina za kujiandaa kustaafu, ofisini kwa afisa utumishi, na zaidi sana pembeni, semina ikiisha. Hayahusu namna ya kuwekeza. Yanahusu kinachotokea akilini katika miaka inayotangulia barua ya kustaafu, na mifano mingi imetoka kwa watumishi wa umma wa Tanzania, ambao sheria inawaruhusu kustaafu kwa hiari wakifikisha miaka 55 na kuwalazimu wakifikisha 60.

## Mambo ya msingi

1. Bado nina miaka mitatu kazini, lakini nimeanza kukosa raha. Je, hali hii ni ya kawaida?

Ni ya kawaida. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Atchley, aliyeandika juu ya hatua za kustaafu katika miaka ya 1970, aliihesabu miaka ya kabla ya kuondoka kazini kuwa hatua kamili ya kustaafu. Akili huanza kuondoka kabla ya mwili: mtu huanza kuhesabu likizo zilizobaki, kuwatazama vijana wapya ofisini kwa jicho jingine, na kujiuliza nani atakalia kiti chake.

Wataalamu Holmes na Rahe walipotoa mwaka 1967 orodha yao ya matukio 43 ya maisha yanayomdai mtu nguvu ya kuzoea, kustaafu kulishika nafasi ya 10 kwa alama 45. Kufiwa na mwenzi kulikuwa na alama 100, na kufunga ndoa, jambo la furaha, kulikuwa na 50. Maana yake ni kwamba mabadiliko makubwa humchosha mtu hata anapoyataka, na mtu anayeisubiri kwa hamu siku ya kustaafu anaweza kukosa usingizi kama yule anayeiogopa.

2. Kila mtu ananiambia tatizo ni fedha. Je, nikiwa na fedha wasiwasi utaisha?

Utapungua, lakini kwa watu wengi hauishi, na hapa ndipo maandalizi mengi yanapopungukiwa. Semina huleta mtu wa benki, mtu wa mfuko wa hifadhi ya jamii na mtu wa ufugaji wa kuku, kisha washiriki hurudi nyumbani na hofu waliyokuja nayo, kwa sababu nusu yake haikuguswa.

Mwanasaikolojia Marie Jahoda, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alishiriki kuchunguza maisha ya watu wa Marienthal nchini Austria baada ya kiwanda chao kufungwa, alieleza baadaye kwamba kazi humpa mtu mambo matano mbali na mshahara: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo linaloshirikisha wengi, hadhi, na shughuli ya lazima. Huko Marienthal, wanaume waliokuwa na muda wote duniani walipunguza mwendo barabarani na kushindwa kueleza asubuhi yao ilikwendaje.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ninachokiogopa ni kukosa nini kati ya hivi? Mhasibu anayeogopa kukosa hadhi hatatulizwa na shamba la parachichi, na nesi anayeogopa upweke hatatulizwa na nyumba ya kupangisha. Kila hofu ina dawa yake, na majibu yanayofuata yamegawanywa kwa msingi huo.

## Fedha na namna akili inavyozihesabu

3. Kwa nini nateseka zaidi sasa, kabla sijajua nitapata kiasi gani, kuliko wenzangu waliokwisha kupata mafao kidogo?

Kwa sababu akili huvumilia habari mbaya iliyo wazi kuliko habari isiyojulikana. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio lililohusisha watu 45 waliocheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe; chini ya baadhi ya mawe kulikuwa na nyoka, na nyoka akitokea mchezaji alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Msongo wa mawazo ulifikia kilele pale uwezekano wa kupigwa ulipokuwa nusu kwa nusu, na ulikuwa mdogo zaidi pale shoti ilipokuwa ya hakika.

Mstaafu mtarajiwa huishi katika nusu kwa nusu hiyo kwa miaka. Hajui kama michango ya miaka aliyohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine iliwasilishwa yote. Jina kwenye barua ya ajira lina herufi moja tofauti na lile la kitambulisho cha taifa. Barua ya kuthibitishwa kazini ilibaki kwenye sanduku kwa shemeji. Saa tisa usiku hivi vyote humjia kwa pamoja, na kwa kuwa hakuna ofisi iliyo wazi saa hiyo, hubaki kuwa hofu tupu.

Dawa yake ni ya kiofisi kuliko ya kisaikolojia, nami naamini hakuna hatua moja inayotuliza watu kuliko hii. Chukua bahasha ya kaki, weka ndani barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa, barua za kupandishwa cheo na hati ya mshahara ya karibuni, kisha omba taarifa ya michango yako na uhesabu miezi mmoja baada ya mwingine. Pensheni ya uzeeni hudai michango isiyopungua miezi 180. Ukikuta pengo miaka mitatu kabla, pengo hilo ni kazi ya kufuatilia. Ukilikuta mwezi wa kustaafu, ni janga.

4. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kimetuumiza sana. Kwa nini hata wenye mafao ya kutosha wanajiona wamepoteza?

Kwa sababu mtu hapimi fedha peke yake. Huzipima kwa kulinganisha na alichokuwa akikitarajia. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu zaidi kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, na kwamba kinachoamua kama jambo ni hasara au faida ni mahali mtu alipoanzia kuhesabu.

Tuweke tarakimu, maana bila tarakimu jambo hili halieleweki. Mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi na utumishi wa miezi 360 angekuwa mwanachama wa PSPF au LAPF (mifuko ya zamani ya pensheni ya watumishi wa umma na wa serikali za mitaa) chini ya kanuni za zamani, yaani mshahara wa mwaka mara miezi ya utumishi mara 1/540, kisha mara kizidisho cha 15.5, na mkupuo (fungu linalolipwa mara moja) wa asilimia 50 ya jumla hiyo, angepata mkupuo wa shilingi 74,400,000. Kanuni ya Julai 2022 ilikuja na 1/580, kizidisho cha 12.5 na mkupuo wa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa katika kundi la asilimia 50. Kwa asilimia 40, mtumishi yuleyule anapata takriban shilingi 44,690,000, na sehemu iliyobaki huja kama pensheni ya kila mwezi.

Mtumishi huyo hakuanza kazi akihesabu kutoka sifuri. Alimwona mwenzake wa meza ya pili akistaafu, akajenga, akanunua bajaji mbili, na hesabu yake akaianzia pale. Tofauti ya karibu shilingi milioni 30 ni kitu alichokwisha kukimiliki moyoni, na kumwambia kwamba pensheni yake itadumu hadi mwisho wa maisha hakufuti maumivu hayo. Kuongezea, kanuni zilibadilika zaidi ya mara moja: kanuni ya asilimia 25 kwa wote ilizua malalamiko makubwa mwaka 2018 hadi Rais Magufuli akaisimamisha tarehe 28 Desemba mwaka huo, kisha ikaja 33, kisha 40. Anayeishi chini ya kanuni zinazobadilika hurudi kwenye hali iliyoelezwa katika swali la 3, hata kama mabadiliko ya mwisho yamemnufaisha.

Malalamiko ya watumishi ni ya haki na yana mahali pake, katika vyama vya wafanyakazi na bungeni. Kwa ajili ya usingizi wako, hata hivyo, itafaa uandike bajeti ya mwezi kwa kuanzia pensheni utakayopata, bila kutaja popote kiasi alichopata mwenzako. Watu wanaofanya hivi hugundua mara nyingi kwamba tatizo lao halisi ni dogo kuliko kidonda chao, au ni kubwa lakini liko mahali pengine, kwa mfano kwenye mkopo wa benki unaoendelea baada ya siku ya kustaafu.

5. Ndugu wameanza kuulizia mafao yangu. Nawezaje kutulia?

Hofu hii ina mizizi miwili, na mmoja tu ndio unaosemwa. Unaosemwa ni kwamba fedha zitaisha kwa ada za watoto wa ndugu, harusi na matibabu. Usiosemwa ni aibu: kwa miaka thelathini wewe ndiwe uliyepigiwa simu kukiwa na msiba, na sasa unaogopa siku utakayosema "sina". Kwa wengi jina la mtegemewa lina thamani kuliko fedha zenyewe, na ndiyo sababu mtu hugawa mkupuo wake katika miezi ya mwanzo huku akijua anakosea.

Sema mapema. Kaa na mwenzi wako, mkubaliane kiasi cha kuwasaidia wengine kwa mwaka, kisha mweleze mtu mmoja anayeheshimika katika ukoo, shangazi au kaka mkubwa, ili maneno yafike kwa njia ya heshima kabla fedha hazijaingia. Kukataa ombi moja moja, siku baada ya siku, kunachosha na kunaumiza pande zote. Utaratibu unaofahamika na wote humwondolea mstaafu mzigo wa kuhukumu shida ya kila ndugu.

6. Kwa nini watu waliokuwa makini kazini huingizwa mjini wakipata mafao?

Hofu hutafuta njia ya haraka ya kutoka. Mtu anayeogopa kwamba fedha zitaisha huvutwa na mradi unaodai kuzizalisha mara mbili, na mtu anayeogopa kuonekana hana kazi hununua daladala wiki ya tatu ili aitwe mfanyabiashara. Matapeli wanaojitambulisha kwa simu kama maofisa wa mafao, wakidai malipo ili "faili lisogee", hutumia hofu iliyotajwa katika swali la 3.

Weka kanuni ya kutofanya uamuzi wowote mkubwa wa fedha katika miezi sita ya mwanzo, na mradi wowote unaoutaka uuanze kwa kiasi kidogo ukiwa bado kazini, ambapo kosa linafidiwa na mshahara wa mwezi ujao.

## Cheo, siku na utambulisho

7. Je, wenye vyeo huumia zaidi kuliko watumishi wa kawaida?

Inategemea ni kiasi gani cha mtu kilikaa ndani ya cheo. Mkuu wa idara ambaye kila anachoheshimiwa kwacho ni cha ofisi, gari, dereva, saini na kiti cha mbele, huvikabidhi vyote siku moja. Mwalimu huendelea kuitwa Mwalimu sokoni na msikitini, na fundi wa umeme wa shirika huenda na ujuzi wake nyumbani. Kwa upande mwingine, mwenye cheo kwa kawaida ana akiba, elimu na watu wanaomjua. Katika utafiti wa Whitehall II, uliowafuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1985, hali ya akili iliboreka baada ya kustaafu, lakini nafuu hiyo ilionekana kwa wa ngazi za juu. Kwa hiyo kigogo anaweza kuogopa sana kabla na kupona vizuri baadaye, na mhudumu wa ofisi anaweza kuwa kinyume chake.

Mwanasaikolojia Erik Erikson aliona kwamba mtu wa umri wa kati anahitaji kuona anachokilea kinaendelea baada yake. Hitaji hilo linaweza kushughulikiwa kabla ya siku ya mwisho. Mtumishi anayetumia mwaka wake wa mwisho kumfundisha kazi anayemrithi, kwa moyo, akimwonyesha hata mafaili yenye matatizo, huondoka akiwa na kitu kinachobaki. Anayeficha ujuzi ili asipitwe huondoka akiwa amejithibitishia kwamba bila kiti yeye si kitu.

8. Naogopa asubuhi ya Jumatatu ya kwanza. Nitafanya nini?

Hofu ya asubuhi ni ya kweli na isidharauliwe. Kwa miaka mingi kengele ya shule au foleni ya kituo cha basi ndiyo iliyokuamsha, hukuwahi kuamua. Kinachosaidia ni kazi ndogo zenye watu na zenye saa maalumu, kwa mfano kikao cha SACCOS au kikoba, kamati ya shule, kwaya, darasa la madrasa, bustani ya mboga yenye zamu ya kumwagilia. Zianze ukiwa kazini, hata kwa saa moja kwa wiki, kwa sababu uwezo wa kujiamini hujengwa kwa kufanya. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha hilo tangu 1977: mtu huamini anaweza baada ya kujiona ameweza, mara chache sana kabla.

## Nyumbani

9. Nimefanya kazi Sumbawanga miaka 27, lakini kwetu ni Moshi. Kwa nini wazo la kurudi linanitia hofu badala ya furaha?

Kwa sababu utarudi mahali unapopajua wakati huu kwa sikukuu na misiba tu. Marafiki, daktari anayejua shinikizo lako la damu, muuza duka anayekukopesha, wote wako unakotoka. Wengine huishi nyumba ya mwajiri, hivyo kustaafu na kuhama huwa tukio moja, na uchungu wa viwili hivi hujumlika.

Ishi huko kwa likizo nzima, bila sherehe, kabla ya kuamua. Angalia ni nani anakuja kukuona siku ya kumi. Na kubaki ulikofanyia kazi si usaliti kwa ukoo. Wapo waliobaki na wakawa wazee wa mtaa wanaotegemewa.

10. Mwenzi wangu anafurahi kwamba nitakuwa nyumbani, au anaogopa. Tuzungumzeje?

Zungumzeni juu ya saa. Nyumba yenye mtu mmoja mchana ina utawala wake, na mstaafu anayeanza kukagua jikoni kama alivyokagua ghala la idara huvuruga amani bila kukusudia. Semeni nani atatumia sebule asubuhi, fedha zitatunzwa na nani, na wajukuu wataletwa lini. Jambo gumu zaidi ni pale mmoja anapostaafu miaka mitano kabla ya mwenzake. Hapo soma pia swali la 8.

## Mwili, uzee na kifo

11. Je, ni kweli kwamba watu wakistaafu hufa haraka?

Hii ndiyo imani inayotisha kuliko zote, na kila ofisi ina kisa chake. Visa hivyo ni vya kweli, lakini hitimisho lake lina dosari. Wengi huondoka kazini mapema kwa sababu tayari ni wagonjwa, hivyo ugonjwa ulitangulia kustaafu. Tena kumbukumbu huhifadhi kisa kinachoshtua: aliyefariki miezi minne baada ya kuagwa husimuliwa kwa miaka, na wale kumi na wawili wanaolima kimya hakuna anayewataja. Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1973 jinsi akili inavyokadiria wingi wa jambo kwa urahisi wa kulikumbuka.

Ushahidi wa kuwafuatilia watu wengi kwa muda mrefu unatuliza zaidi. Nchini Ufaransa utafiti uitwao GAZEL, wa wafanyakazi wa shirika la umeme na gesi, uliwaangalia watu 14,104 kuanzia miaka saba kabla ya kustaafu hadi miaka saba baada yake. Uchovu wa mwili na wa akili ulipungua waziwazi, na dalili za sonona zilipungua pia. Magonjwa sugu kama kisukari yaliendelea kupanda na umri, bila kuongezwa kasi na kustaafu. Mazingira ya Ufaransa si ya Tabora, na pensheni zao si zetu, lakini utafiti huo unatosha kukanusha wazo kwamba kuacha kazi kwenyewe kunaua.

Namna mtu anavyouona uzee wake ina uzito pia. Mtafiti Becca Levy na wenzake waliripoti mwaka 2002, kutokana na watu 660 wa mji mmoja wa Ohio, kwamba waliouona uzee kwa mtazamo mzuri waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya wengine. Huo ni uhusiano, haumaanishi kwamba kutabasamu ni tiba. Hata hivyo, mtu anayejiita "mzee wa kusubiri kifo" akiwa na miaka 58 anapaswa kujua kwamba maneno hayo si mzaha mtupu.

12. Nikiongezewa muda wa kazi, wasiwasi utapungua?

Kwa muda, ndiyo. Kenya ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, na waliokuwa ukingoni walipumua. Mkataba wa nyongeza una maana ukiwa na deni la kumalizia au mtoto chuoni. Ukiuomba ili usifikirie, hofu itakusubiri mwisho wa mkataba ukiwa na nguvu pungufu.

## Hali za pekee

13. Mimi sihisi chochote kabisa. Je, niko salama?

Huenda uko tayari kweli, hasa kama bahasha ya swali la 3 iko kamili na unaweza kueleza wiki yako ya kwanza itakavyokuwa. Lakini kama hujawahi kuhesabu miezi yako, unabadilisha mazungumzo kila mwenzi anapoyaanza, na ulikosa semina mbili kwa "kubanwa na kazi", basi ukimya huo unaelekea kuwa hofu iliyofungiwa mlango.

14. Nimejiajiri na sina tarehe ya kustaafu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa namna nyingine. Fundi seremala au mama wa mgahawa hastaafishwi na barua. Husimamishwa na mgongo, macho au mteja anayehamia kwingine. Kukosa tarehe huongeza hali ya kutojua iliyoelezwa katika swali la 3. Jiwekee tarehe wewe mwenyewe, japo ya kupunguza siku za kazi, na uangalie uwezekano wa kuchangia kwa hiari katika mfuko wa hifadhi ya jamii wakati mapato bado yanakuja.

15. Nitajuaje kwamba wasiwasi umevuka mpaka na kuwa ugonjwa?

Angalia muda na kazi. Wasiwasi wa kawaida huja na kuondoka, na ukipata jibu la ofisini hupungua. Ukikosa usingizi usiku mwingi kwa wiki mbili au zaidi, ukipoteza hamu ya chakula na ya mambo uliyoyapenda, ukianza kunywa pombe ili ulale, au moyo ukienda mbio bila sababu hata baada ya mambo ya fedha kukaa sawa, unahitaji mtaalamu. Wanaume wa umri huu mara nyingi hawasemi wana huzuni. Husema mgongo unauma, kichwa kizito, tumbo limejaa gesi, na hupewa dawa za maumivu kwa miezi.

Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mweleze mganga mambo mawili ambayo huenda asiulize: kwamba unakaribia kustaafu, na kwamba dalili zilianza lini ukilinganisha na habari hiyo. Anaweza kukupa rufaa kwa huduma za afya ya akili, zinazopatikana Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania, na Mathari kwa Nairobi. Kama mawazo ya kujidhuru yamekujia, hata mara moja, usisubiri miadi: nenda hospitali iliyo karibu leo, ukiongozana na mtu unayemwamini, na mwambie mtu huyo sababu ya safari kabla hamjatoka nyumbani.